Betri ya Kukodi Inayochajiwa kwa Jua: Mwongozo kwa Mwenye Biashara Ndogo

Utangulizi

Jua linapokaribia kuzama katika baadhi ya mialo ya Ziwa Viktoria, wavuvi wa dagaa hupita kwanza kwenye kituo chenye paneli za jua juu ya paa. Kila mmoja hurudisha betri aliyoitumia usiku uliotangulia, hulipa ada, kisha hupokea nyingine iliyojaa. Desturi hii si ngeni kabisa. Kabla yake wavuvi walitegemea karabai na mafuta ya taa, na katika vijiji vingi betri ya gari ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa mjini kuchajiwa, ili irudi kuwasha redio na televisheni. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilianzisha kituo cha aina hii huko Mbita, upande wa Kenya wa ziwa hilo. Mvuvi aliweka amana, akachukua taa na betri, na baada ya hapo akawa analipia chaji tu.

Tangu wakati huo huduma za namna hii zimejitokeza katika nchi kadhaa za Afrika, na wateja wake si wavuvi peke yao. Wamo vinyozi, mama lishe, mafundi cherehani, wauza vinywaji na wenye vibanda vya kuchaji simu. Kwa mtu ambaye nguzo ya umeme haijamfikia, au ambaye hana fedha za kununua mtambo wake mwenyewe, betri ya kukodi inaweza kuwa mlango wa riziki. Inaweza pia kuwa tundu ambalo fedha yake huvuja kila siku bila yeye kufahamu.

Makala haya yanamhusu mtu huyo. Jambo kuu tunalotaka aondoke nalo ni hili: anayekodi betri hanunui sanduku, ananunua umeme uliomo ndani yake. Sanduku hulitazama kwa macho, lakini umeme hauonekani. Kwa hiyo ni lazima aupime, auandike, na audai pale unapopungua.

Huduma hii inavyofanya kazi

Kituo cha kukodisha huwa na paneli za jua, kidhibiti cha chaji na rundo la betri zinazopokezana. Paneli hugeuza mwanga wa jua kuwa umeme mchana, kidhibiti huzuia betri isijazwe kupita kiasi, na jioni betri hutolewa kwa wateja. Baadhi ya betri hutoa umeme wa volti 12 au wa tundu la simu moja kwa moja. Nyingine zina inveta ndani, yaani kifaa kinachoubadilisha umeme wa betri kuwa ule wa nyumbani.

Nchi zetu zilizo karibu na Ikweta hupata mchana wa saa zipatazo 12 mwaka mzima, lakini jua la asubuhi na la jioni ni hafifu. Kwa makadirio ya kawaida, paneli ya wati 100 huweza kutoa kiasi cha wati-saa 400 katika siku yenye jua zuri, na pungufu ya hapo katika siku za masika. Hesabu hii ina maana kubwa kwa mteja. Kituo chenye paneli chache na betri nyingi hakiwezi kuzijaza zote, hata mwenye kituo akiwa mtu mwema kiasi gani. Unapoingia kituoni kwa mara ya kwanza, tazama juu ya paa kabla hujatazama bango la bei.

Unachokinunua: wati-saa

Kila kifaa cha umeme kina wati zake, ambazo kwa kawaida huandikwa nyuma au chini yake. Kifaa cha wati 10 kikifanya kazi kwa saa moja kimetumia wati-saa 10. Wati-saa 1,000 ndizo uniti moja, ileile inayonunuliwa kwa LUKU. Betri nayo hupimwa kwa wati-saa, na kipimo hicho ndicho cha kuuliza kabla ya kuuliza bei.

Baadhi ya betri huandikwa volti na ampia-saa badala ya wati-saa. Zidisha namba hizo mbili. Betri ya volti 12 na ampia-saa 20 ina wati-saa 240. Hapa ndipo wengi hupotea njia, kwa sababu kuna betri ndogo zinazotangazwa kuwa na "20,000", namba inayovutia macho. Hizo ni mili-ampia-saa, sawa na ampia-saa 20, lakini mara nyingi kwa volti 3.7 tu. Ukizidisha unapata wati-saa 74, ambazo hazifiki hata theluthi moja ya ile betri ya kwanza. Namba kubwa si umeme mwingi. Volti zake zisipotajwa, namba hiyo haitoshi kukupa jibu.

Aina ya betri pia ina uzito wake. Betri za risasi na asidi, zinazofanana na za magari, huharibika upesi zikitumiwa hadi mwisho, na inashauriwa zisishushwe chini ya nusu. Kwa hiyo betri ya aina hiyo yenye wati-saa 240 hukupa takribani 120 za kutumia kwa usalama. Betri za lithiamu huruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi ya umeme wake, ni nyepesi kubeba, na hudumu kwa mizunguko mingi zaidi ya kuchajiwa. Uliza ni aina gani unayopewa, na uliza wati-saa zinazotumika, si zile zilizoandikwa tu.

Hesabu ya kinyozi

Tuchukue mfano wa kinyozi mwenye kibanda kimoja. Kwa siku anahitaji:

– mashine ya kunyolea ya wati 12, inayozunguka kwa jumla ya saa 6: wati-saa 72;
– taa ya LED ya wati 7 kwa saa 4: wati-saa 28;
– redio ya wati 10 kwa saa 8: wati-saa 80;
– simu 5 za wateja, kila moja wati-saa 15: wati-saa 75.

Jumla ni wati-saa 255. Inveta nayo hula sehemu ya umeme inapoubadilisha. Tukikadiria kwamba inapoteza asilimia 15, kinyozi huyu anahitaji betri ya wati-saa 300. Akipewa ya 200 atafunga kazi kabla ya jioni, saa ambazo wateja wanaotoka kazini ndipo wanapofika. Akishawishiwa kukodi ya 600 atalipia umeme anaourudisha kituoni bila kuutumia.

Hesabu kama hiyo huonyesha pia kazi ambazo betri ndogo haiziwezi. Pasi, birika la umeme na draya ya nywele hutumia wati 1,000 au zaidi. Hata kama inveta ingeweza kuzibeba, betri ya wati-saa 300 ingekwisha katika muda usiotimia dakika 20. Friji ndogo ya vinywaji huweza kuhitaji wati-saa 500 hadi 1,000 kwa siku, hivyo muuza soda asikubali kuambiwa kwamba betri ya kinyozi itamtosha. Mtoa huduma anayesema betri yake "inawasha kila kitu" bila kutaja wati na saa hajasema lolote la kutegemewa.

Bei halisi na bei ya bangoni

Sasa tuitazame fedha. Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu, ili kuonyesha njia ya kukokotoa. Weka bei za kwenu mahali pake.

Tuseme kinyozi wetu hukodi betri ya wati-saa 300 kwa shilingi 1,500 kwa siku. Wati-saa 300 ni sawa na uniti 0.3. Ukigawa 1,500 kwa 0.3 unapata shilingi 5,000 kwa uniti. Bei hiyo ni kubwa mno kuliko ya umeme wa gridi, na hatuisemi ili kumtisha mtu. Katika ada hiyo mna gharama ya betri, paneli, kituo na wafanyakazi, na mahali pasipo na nguzo mtu hawezi kulinganisha na kisichokuwepo. Ulinganisho wa haki ni ule wa jenereta, mafuta ya taa au betri za kutupa. Jenereta ndogo huchoma petroli hata inapowasha taa moja na mashine moja. Ikiwa inakula lita moja kwa siku kwa shilingi 3,000, bila kuhesabu oili na fundi, betri ya kukodi imemwokolea kinyozi nusu ya gharama au zaidi.

Lakini tuendelee na mfano. Miezi inapita na betri inachoka. Haitoi tena wati-saa 300, inatoa 200. Bango linasema bado shilingi 1,500. Gawa tena: uniti moja sasa inamgharimu shilingi 7,500. Bei imepanda kwa nusu nzima bila tangazo, bila risiti na bila mtu kugusa bango. Hasara nyingi katika huduma hii huja kwa mlango huo, na mtumiaji asiye na kumbukumbu hujilaumu mwenyewe, akidhani amekuwa akitumia umeme ovyo.

Asilimia mia ya betri iliyochoka

Mteja anapolalamika, jibu la haraka ni kumwonyesha kioo: "Tazama, imejaa, asilimia mia." Ni kweli imejaa, lakini swali ni imejaa kiasi gani. Fikiria ndoo ya lita 20 iliyojaa tope hadi nusu. Ukiijaza maji hadi mdomoni utasema imejaa, na hutakuwa umesema uongo, ila utarudi nyumbani na lita 10. Kiashirio cha asilimia hueleza sehemu ya kile ambacho betri hiyo inaweza kubeba leo. Hakielezi ilichoweza kubeba ilipokuwa mpya.

Njia ya kujua ukweli ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila betri ya kukodi inapaswa kuwa na namba yake. Isipokuwa nayo, omba iwekewe alama. Andika tarehe, namba ya betri, saa uliyoanza kazi, vifaa ulivyotumia na saa ilipozima. Baada ya wiki mbili utaona kwamba betri fulani hukufikisha saa mbili usiku na nyingine hukukatikia saa kumi jioni kwa kazi ileile. Daftari hilo linakupa haki ya kusema, "Sitaki namba hii, nipatieni nyingine au nipunguzieni ada," na kusema hivyo ukiwa na ushahidi mkononi.

Kwa mvuvi jambo hili ni zito zaidi. Taa nne za LED za wati 10 kila moja, zikiwaka kwa saa 10, zinahitaji wati-saa 400. Betri iliyochoka ikififia saa tisa usiku, dagaa waliokusanyika chini ya mwanga hutawanyika kabla ya wavu kuvutwa. Hasara yake si ada ya betri peke yake. Ni mafuta ya injini, ujira wa mabaharia na usiku mzima wa kazi. Mvuvi ana haki ya kuijaribu betri nchi kavu kabla ya kuiamini majini.

Kulipa kwa siku au kwa mwezi

Ada ya mwezi mara nyingi hutangazwa kama nafuu. Ipime kwa siku unazofanya kazi kweli. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi inapong'aa, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki vizuri chini ya mwezi mpevu. Mvuvi anayefanya kazi usiku 20 katika mwezi, akilipa shilingi 2,500 kwa usiku, hutumia shilingi 50,000. Akikubali ada ya mwezi ya shilingi 60,000 kwa sababu "ni 2,000 tu kwa siku", atakuwa amelipia usiku kumi aliolala nyumbani.

Pima pia kukodi dhidi ya kununua. Kinyozi anayelipa 1,500 kwa siku 26 za mwezi hutoa shilingi 39,000, na kwa mwaka shilingi 468,000. Aulize bei ya paneli, betri na kidhibiti vinavyotosha kazi yake, kisha alinganishe. Kukodi kunamfaa anayeanza, mwenye biashara ya msimu, au asiyetaka kubeba hatari ya betri kufa mikononi mwake. Aliyejijenga na mwenye kazi ya kila siku huenda akanufaika zaidi kwa kuweka akiba na kununua.

Usichanganye kukodi na kulipa kidogo kidogo hadi kumiliki. Katika mpango wa kwanza betri hubaki kuwa mali ya mtoa huduma daima, na katika wa pili inakuwa yako ukikamilisha malipo. Maneno ya wakala mlangoni hayatoshi. Tafuta katika mkataba sentensi inayosema mali hiyo itakuwa ya nani, na lini.

Mkataba: mahali pa kusoma polepole

Dai mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa, na nakala ibaki kwako. Ikiwa mkataba umo ndani ya simu, omba usomewe au utumiwe kabla ya kubonyeza neno la kukubali. Yapo mambo saba tunayomshauri mtumiaji asiyapite haraka.

Kwanza, amana. Iandikwe ni shilingi ngapi, itarudishwa baada ya siku ngapi tangu urudishe betri, na kwa sababu zipi inaweza kukatwa. Amana ni fedha yako iliyo mikononi mwa mwingine. Dai risiti yake peke yake, isichanganywe na ada.

Pili, hali ya betri unapoipokea. Mpige picha sanduku, waya, tundu na namba, mbele ya anayekukabidhi. Mpasuko ulioukuta usije ukawa wako siku ya kurudisha.

Tatu, uchakavu na uharibifu. Hili ndilo linalozaa migogoro mingi. Betri yoyote hupungua nguvu kwa matumizi ya kawaida, kama tairi linavyoisha kwa barabara. Huo ni uchakavu, na mwenye mali ndiye anayepaswa kuubeba, kwa sababu ameshaulipiwa ndani ya ada. Uharibifu ni kuidondosha, kuifungua, kuizamisha au kuiunganisha isivyopaswa. Sentensi inayosema mtumiaji "atawajibika kwa tatizo lolote la betri" humtwika mteja mizigo yote miwili. Omba ibadilishwe kabla ya kutia sahihi, na wakikataa tafuta kituo kingine.

Nne, kuchelewa. Faini ya kuchelewa iwe na kikomo. Faini isiyo na kikomo huweza kuzidi thamani ya betri yenyewe katika majuma machache, hasa mtu anapougua au mvua inapokata barabara.

Tano, wizi na ajali. Iandikwe thamani ya betri itakayodaiwa ikipotea, na thamani hiyo ipungue kadiri betri inavyozeeka. Ikiibwa, toa taarifa polisi mara moja na utunze hati ya taarifa hiyo.

Sita, siku zisizo na jua na siku ambazo kituo hakina betri. Ikiwa umeshalipa, je, siku hiyo inasogezwa mbele au inapotea? Mkataba wa haki husema inasogezwa.

Saba, kufungwa kwa mbali. Baadhi ya betri zinaweza kuzimwa na mtoa huduma akiwa mbali, ada inapochelewa. Uliza utapewa onyo la muda gani, na betri itafunguliwa baada ya muda gani ukishalipa. Kinyozi anayelipa saa mbili asubuhi na kufunguliwa saa tisa alasiri amepoteza siku.

Taarifa zako

Kituo huchukua namba ya kitambulisho, namba ya simu na pengine picha yako. Betri nyingine hurekodi mahali zilipo na kiasi cha umeme unachotumia kila saa. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu azitumie kwa kusudi alilozikusanyia, na inampa mwenye taarifa haki ya kujua kinachofanyika nazo. Usiache kitambulisho chako halisi kama rehani, nakala inatosha. Namba ya siri ya akaunti yako ya fedha kwenye simu haimhusu mtoa huduma yeyote kwa sababu yoyote.

Usalama wa mwili na wa jirani

Betri ni ghala la nguvu na hustahili heshima. Usiifungue. Usiunganishe waya mtupu kwenye vichwa vyake, kwa kuwa vikigusana kwa chuma huweza kutoa cheche na moto. Usiiweke karibu na jiko, wala juani, maana joto hufupisha maisha yake. Ndani ya mtumbwi iwekwe mahali pa juu, katika chombo kisichoingiza maji, na ifungwe isiteleze.

Betri ya risasi na asidi inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo chumba kiwe na hewa ya kutosha, pasiwe na sigara wala mshumaa. Asidi ikimwagikia ngozi au jicho, osha kwa maji mengi safi kwa dakika zisizopungua 20, kisha nenda kituo cha afya. Betri ya lithiamu iliyovimba, inayotoa harufu au inayopata moto bila kutumika, iondoe ndani ya nyumba ikiwa bado inashikika, usiichaji, na mwarifu mtoa huduma siku hiyohiyo. Ikianza kufuka moshi, toka na watu wote na upige simu Zimamoto, namba 114 kwa Tanzania.

Betri iliyokufa irudi kituoni. Asiwepo wa kuivunja nyumbani ili auze vyuma vyake. Risasi ni sumu inayodumaza ubongo wa mtoto, na haina harufu ya kumwonya mzazi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu na wakadhurika kwa sumu hiyo. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hukumu hiyo ilipatikana baada ya miaka mingi ya kudai, na fidia hairudishi afya iliyopotea. Mtoa huduma mwaminifu ataweza kukueleza betri zake zilizokufa hupelekwa wapi.

Unapokuwa na malalamiko

Anza kituoni, kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha, mradi utaje namba ya betri, tarehe, tatizo na unachodai: kubadilishiwa, kurudishiwa ada au kurudishiwa amana. Mpe muda unaotajika, kwa mfano siku saba. Usizuie betri yao ukidhani ndiyo dhamana yako, kwa maana faini itaendelea kuhesabiwa na kosa litageuka kuwa lako. Irudishe, dai hati ya kuirudisha, kisha fuatilia haki yako.

Usiposikilizwa, ofisi ya serikali ya kijiji au ya mtaa na afisa biashara wa halmashauri wanaweza kuwaita pande zote mbili. Kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani. Kutangaza wati-saa 300 na kutoa 200 ni jambo linalostahili kufikishwa mbele ya Tume hiyo. Bidhaa yenyewe ikiwa duni au ya hatari, Shirika la Viwango ndilo la kupewa taarifa. Dai la fedha linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Mahali pote huko utaulizwa swali moja: una ushahidi gani? Daftari, risiti, picha na ujumbe uliotuma ndivyo vitakavyokujibia. Wateja wa kituo kimoja wakilinganisha madaftari yao na kwenda pamoja, sauti yao husikika upesi zaidi.

Maswali ya kubeba kituoni

1. Betri hii ina wati-saa ngapi zinazotumika, na ni ya aina gani?
2. Namba yake ni ipi, na imetumika kwa muda gani?
3. Ikipungua nguvu, nitabadilishiwa au nitapunguziwa ada?
4. Amana ni kiasi gani, na itarudi baada ya siku ngapi?
5. Ikifa mikononi mwangu bila kosa langu, nani anabeba hasara?
6. Faini ya kuchelewa inaishia wapi?
7. Siku ambayo hamna betri iliyojaa, fedha yangu inakuwaje?
8. Je, betri inaweza kufungwa kwa mbali, na nitaonywa vipi?
9. Mnachukua taarifa gani zangu, na mnampa nani?

Mtoa huduma mwema hatachukizwa na maswali haya. Anayajua majibu, na mteja anayeuliza humsaidia kugundua betri iliyochoka kabla haijamharibia jina. Anayekasirika amekujibu pia, na bado hujatoa shilingi yako.